Sanamu za Kongo Zilizotoka Busiu

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa stoo na koti langu la kazi, ambalo vanishi ya miaka mingi imelikausha mpaka linaweza kusimama peke yake. Kifua ndicho kilichonistaafisha. Daktari alisema nimevuta spiriti na tapentaini za kuwatosha watu watatu, na mimi ni mmoja. Ninyi mnaobaki karakana mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa tangu mwanzo. Haya. Ya mshahara sitayagusa. Aliyelipa anajua na aliyelipwa hajasahau. Nitasema ya msasa na brashi, na nitasema ya Gidudu wa Busiu, mtu niliyemfanyia ubaya ingawa sikupata kumchukia hata siku moja.

Mimi ni mtoto wa kota ya askari. Babu yangu aliingia nchi hii na bunduki ya watu wengine, baba akaendelea nayo, na mimi wakati wa vita nikawekwa karakana kusugua vitako vya bunduki. Nilipotoka jeshini nilifanya useremala hapa na pale. Nilipoingia duka la Bwana Nanji hapa Jinja, miaka ile bwawa la umeme likijengwa na mji umejaa wahandisi na wake zao, nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mvi mbili tatu.

Bwana Nanji mnamjua nyote, lakini hamkumjua alipokuwa na nguvu. Alikuwa Mhindi mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na aliuza fremu za picha, vigoda, ngoma na sanamu. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa kigoda, kitambaa cha pamba na kopo la vanishi, akasema, "Wewe fanya mpaka mimi naona meno yangu." Nikasugua tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Akaja, akainama, akafungua kinywa, akatazama. "Bado," akasema. "Naona moja tu." Nilidhani ananitania. Kesho yake alinipa kigoda kile kile, ndipo nikajua kuwa mzee huyu kwenye kazi hana utani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachojua. Vanishi hupakwa nyembamba mara nyingi, si nzito mara moja. Kitambaa kisiwe cha kuacha nyuzi. Siku ya mvua usifungue kopo, maana unyevu huingia na ule mng'ao huota ukungu mweupe. Saa nne alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, na mwezi wa Ramadhani alikunywa yake nyuma ya pazia ili asinitamanishe. Nayasema haya mapema, ili mtakayosoma mbele yasiwafanye mmchukie.

Weusi wa sanamu zetu ulianza hivi. Mke wa mhandisi mmoja alishika sanamu ya mti wa kawaida, akauliza kama ni mpingo wa Kongo. Bwana Nanji alikuwa na udhaifu mmoja, hakuweza kumwambia mteja hapana. Akasema ndiyo. Kesho yake wakaja wanawake wawili wengine, nao wanataka ya Kongo. Basi tukaanza kuitengeneza Kongo pale pale nyuma ya duka. Kwanza unapitisha msasa kuondoa alama zote za kisu, kwa sababu wateja walipenda laini. Halafu masizi ya taa yaliyokorogwa na spiriti na vanishi, na juu yake rangi nyeusi ya viatu, na brashi mpaka mkono ufe ganzi. Unaipachika kwenye kibao, na chini unabandika karatasi: Mpingo, Kongo. Mbandikaji nilikuwa mimi. Sikuona kosa. Nilikuwa nimepaka bunduki miaka yote ya vita na hakuna aliyeniuliza mti umetoka wapi.

Kutafuta wachongaji nayo ilikuwa kazi yangu, na sharti lilikuwa moja: mteja asimjue mchongaji, mchongaji asimjue mteja. Bwana Nanji alisema duka ni daraja, na watu wote wakijua kuogelea, daraja litakula nini.

Gidudu nilimkuta Mbale, huko Namatala, pale vibarua wanapokaa asubuhi kungoja mtu wa kuwachukua wakapakue magunia. Wenzake walikuwa wanasinzia. Yeye alikuwa na kisu kidogo na kipande cha mti, anachonga mwanamke.

"Mulembe," nikamwambia, kwa Kigisu changu cha neno moja.

"Mulembe, afande." Alikuwa ameiona suruali yangu ya kaki. Nikamweleza kuwa mimi si afande, ni fundi wa kupaka tu. "Sawa, afande," akasema, na hakuniita jina lingine tena.

Watu aliowachonga walikuwa wote wanasikiliza. Kichwa kimeinama upande, mkono uko karibu na sikio, kama mtu anayeitwa kutoka shamba la pili na hana hakika kama anayeitwa ni yeye. Nimeshika sanamu nyingi maishani, lakini hizo zilinifanya nigeuke kuangalia nyuma yangu. Nikanunua aliyokuwa nayo, nikamwambia nitakuja kwake kila mwezi.

Nikawa napanda treni mpaka Tororo, halafu basi la Mbale, nashuka Busiu na kutembea kupita mahindi na migomba mpaka kwake. Mkewe, Nambozo, alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwa mchuzi wa karanga, na aliniangalia nikila kama mtu anayehakikisha. Nyuma ya nyumba ilisimama miti sita ya musizi aliyoipanda marehemu baba yake Gidudu. Musizi ni mti mwepesi wa manjano, haukichoshi kisu, na Gidudu hakuwa na mti mwingine wa kuchonga. Wa kununua ni ghali, na msitu una askari wake. Kila mwaka alikata matawi makubwa tu, akaiacha miti yenyewe.

Lakini shamba lilikuwa la ndugu wawili. Kaka yake, Wamimbi, mtu mnyoofu wa jembe, alitaka miti ile ikatwe apande pamba, kwa sababu pamba haipendi kivuli. Siku moja alinikuta nakula, akakaa mbele yangu.

"Afande, wewe ni mtu mkubwa. Niambie kweli. Hizi toto za mti, kuna mtu anaweka kwa nyumba yake?"

"Wapo," nikasema.

"Nani?"

Hapo nikainamia bakuli langu, kwa ajili ya sharti. Wamimbi akamgeukia mdogo wake. "Mimi nangoja mpaka mvua ya kwanza. Wewe nenda Jinja, ona na macho yako. Kama kazi yako imewekwa pahali pa heshima, miti inakaa. Kama hapana, nakata."

Hakukuwa na ubaya katika maneno yake. Alikuwa na watoto saba. Lakini mimi nilijua sanamu zile zinakuwaje zikifika kwangu, nikalisukuma bakuli la malewa kando.

Gidudu alikuja baada ya wiki mbili. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu kavibeba mkononi mpaka mlangoni, akavivalia hapo. Bwana Nanji alimwona kwenye kioo, akaniuliza ni nani. Nilipomwambia, alishika paji la uso. "Sema imeuzwa yote," akasema, akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikabaki kaunta, vidole vyangu vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Nimekuja ona yangu, afande."

"Zimekwisha," nikamwambia. "Watu wamenunua zote."

Sita zake zilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wangu. Nilizipaka juzi yake.

Alitabasamu, maana ilikuwa habari njema kwa namna fulani, lakini nilimwona akifikiria atakachomwambia kaka yake. Akazunguka duka polepole. Alipofika kwenye rafu ile akasimama mbele ya mwanamke mweusi aliyeshika sikio. Nikasema moyoni, leo ni leo.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya Kongo."

"Mpingo?"

"Mpingo."

Alisimama hapo, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama kanisani. Hakuigusa. "Huyu mtu anajua," akasema mwishowe. "Na mimi nafanya namna hii, lakini yangu haifiki hapa." Akanishukuru. Nasema alinishukuru, kwa kumwonyesha. Akatoka.

Mtaniuliza, mtu anawezaje kutoitambua kazi ya mikono yake? Jibuni wenyewe, ninyi mafundi. Mchongaji huijua kazi yake kwa rangi ya mti na kwa alama za kisu, kama mnavyojua mwandiko wenu. Rangi nilikuwa nimeizika chini ya masizi, na alama nilikuwa nimezila kwa msasa. Nilikuwa hodari wa kazi, hilo ndilo lililoniuma. Mlango ulikuwa wazi. Nililiona shati lake jeupe likivuka barabara kuelekea stesheni, na sikumwita.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Mke wangu aliniuliza kama nadaiwa. Bwana Nanji naye alinimiminia chai mara mbili kwa siku badala ya moja, nami nikajua hata yeye haikumkalia vizuri.

Ndipo akaja Sardar Mehar. Huyu alikuwa Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao, kifua kipana, na sauti aliyoizoeza kushindana na misumeno. Alikuwa amekwisha kununua sanamu nne kwetu, zote za Gidudu bila kujua. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akamchukua yule mwanamke wa sikio, akamkwaruza chini kwa ukucha, akanusa.

"Nanji," akasema, "mpingo inazama kwa maji?"

"Inazama, Sardar-ji. Mpingo nzito sana."

Sardar akaiachia sanamu ndani ya ndoo ya maji ya kuzimia moto. Ikaingia, ikarudi juu, ikalala chali, mkono sikioni, inatutazama sote watatu. Bwana Nanji naye akainama, akachovya kidole kwenye ndoo.

"Labda maji iko mbaya," akasema.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sardar hakufanya lolote kati ya hayo. Akaitoa sanamu, akaifuta kwa mkono wa koti lake. "Mimi sikuja kugombana," akasema. "Mimi ni mtu wa mbao. Gogo nanunua kwa mwenye msitu, na sanamu nataka kununua kwa mwenye mkono. Nataka kumwona huyu mtu, nimuulize hawa wote wanasikia nini. Yuko wapi?"

Bwana Nanji alinitazama juu ya miwani. Hakutikisa kichwa wala hakunikonyeza, aliniangalia tu, na mimi nilikuwa nimekunywa chai yake zaidi ya miaka mitatu.

"Anaitwa Gidudu," nikasema. "Anakaa Busiu, njia ya Mbale. Na nakuomba twende upesi, kabla ya mvua."

"Rajabu," Bwana Nanji akasema taratibu. Basi, jina langu tu. Ningependa angenipiga.

Tuliondoka alfajiri ya pili kwa lori la mbao la Sardar. Nilipakata ile sanamu, na miguuni niliweka chupa ya spiriti, mafuta ya taa na matambara. Mvua ilikuwa haijanyesha, kwa hiyo njia nzima nilijipa moyo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya kwenda kumaliza uongo ni ndefu, na lori la mbao halina springi.

Tulipokata kona ya nyumba ya Gidudu niliona mbingu mahali ambapo haikuwa ikionekana. Miti minne ilikuwa chini. Wamimbi alikuwa anafuta jasho, shoka mkononi, anajiandaa na wa tano. Gidudu mwenyewe alikuwa anakata matawi ya ule wa nne.

Nilishuka kabla lori halijasimama. "Ulisema mvua," nikamwambia Wamimbi. "Mvua iko wapi?"

"Mimi nilikuwa nangoja, afande," akajibu, na alikuwa mkweli. "Ni yeye. Alitoka Jinja akaniambia, kaka, kata."

Nikamgeukia Gidudu. Alikuwa ananitazama kwa furaha, kama siku zote, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Niliona kazi ya ule mtu wa Kongo," akasema. "Yangu ni mchezo. Kwa nini nizuie pamba ya kaka yangu kwa sababu ya mchezo?"

Nilikaa chini, nikamwaga spiriti kwenye tambara, nikaanza kumsugua yule mwanamke. Rangi ya viatu ilitoka kwanza, kisha masizi, yakichuruzika mpaka kwenye suruali. Kwenye bega ukatokea umanjano. Nikaendelea, shavu, shingo, mkono. Nambozo alikuja na watoto, na watu wa shamba la jirani nao wakaja kutazama. Nilipofika kiunoni likatokea fundo la mti, lile ambalo mchongaji hakulikata bali alilizungusha, likawa nyonga ya yule mwanamke.

Gidudu aliweka panga chini. Akalishika lile fundo kwa kidole gumba.

"Hii ilinisumbua siku tatu," akasema. Kisha akakaa juu ya gogo. "Afande. Mtu wa Kongo ni mimi?"

"Ni wewe," nikamwambia. "Zote ni wewe. Aliyezipaka ni mimi, na siku ile dukani zilikuwa sita, na nilikuona ukizitazama, na nilinyamaza."

Alitazama sanamu, akatazama magogo yake manne. Hakunitukana. Nambozo ndiye aliyenitukana, kwa Kigisu, na ingawa najua neno moja tu nilielewa yote. Wamimbi alikuwa amelegeza shoka, akilishika kama mtu aliyeazimwa kitu na hajui akirudishe kwa nani. "Hizi mbili zinakaa," akasema. "Pamba nitapanda huku na huku." Akaondoka kwenda shambani kwake, na nilimwona akisimama njiani kufuta macho.

Sardar alikuwa ameinama kwenye magogo. Mwacheni mtu wa mbao na mti ulioanguka, hata kwenye msiba atapima. Akaamuru yavutwe kivulini siku ile ile na ncha zake zikandikwe udongo na samadi, yakauke polepole yasipasuke, na akasema yakitunzwa yatamtosha mchongaji miaka mingi. Akakanda udongo mwenyewe, na mikono ya shati ameikunja. Baada ya hapo ndipo alipomuuliza Gidudu swali lake, hawa watu wanasikia nini.

Gidudu alifikiri. "Wanasikia Nambozo anaita chakula," akasema, na Nambozo, ambaye alikuwa bado ananinunia, akageuka upande ili asionekane akicheka. Sardar alinunua sanamu mbili zilizokuwa ndani, mbichi, na alama zote za kisu. Baada yake wakaja wengine na magari yao, wakanunua mlangoni kwa Gidudu, hawakupita kwetu.

Bwana Nanji hakusema nami siku tano. Chai alinimiminia, lakini aliisukuma bila kuniangalia. Siku ya sita nilimkuta amekaa chini stoo, anabandua karatasi za Kongo kwa kisu cha mezani, moja moja, miwani puani. "Wewe ni mpumbavu, Rajabu," akaniambia. "Na mimi mpumbavu mzee." Jumapili akapanda basi mwenyewe kwenda Busiu na boksi la jalebi, vile vitamu vya Kihindi. Sijui walizungumza nini. Aliporudi alisema sasa tutauza fremu na vibao vya kuwekea sanamu, kwa sababu hata anayenunua kwa mwenyewe anahitaji mahali pa kuiweka. Ndiyo kazi mliyoikuta ninyi.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya magogo, tulipokuwa tunaondoka, Gidudu alinisindikiza mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimekaa ndani, naona aibu kumtazama.

"Afande," akasema, "wewe umechukua nyingi. Miaka mitatu. Ziko wapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Mhandisi wa mitambo, huyo amekwisha kurudi kwao. Yule mwanamke mwenye mbwa wawili. Wengine walinunua wakiwa safarini, hawakutaja hata majina. Hatukuandika popote. "Sijui," nikamwambia.

"Na kote huko zinaitwa Kongo?"

"Kote."

Akafunga mlango wa lori upande wangu, taratibu, akaujaribu kama umeshika. "Tafuta," akasema.

Nimetafuta. Jumapili nyingi tangu siku hiyo nimegonga milango ya watu wakubwa wa Jinja, chupa ya spiriti mfukoni, mpaka mbwa wao wakaacha kunibwekea. Mbili nilizipata Wanyange, na moja huko Tororo. Nyingine nyingi zilikuwa zimekwisha kupanda meli. Wenyewe wengine walifurahi, wakakaa kunitazama nikisugua. Bibi mmoja alikataa nisiiguse, akasema alinunua Kongo na anataka Kongo yake abaki nayo. Alipokwenda kuniitishia chai niliigeuza, nikaandika jina la Gidudu chini ya kibao kwa penseli, nikaliandika kubwa. Kila niliyoipata nilikwenda kumweleza, iko nyumba gani, chumba gani, inatazama dirisha au ukuta. Husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza ya nyingine.

Jumla nimepata tisa. Zilizobaki ni nyingi kuliko hizo, na kifua changu hakipandi tena ngazi za watu. Kwa hiyo nawaomba ninyi. Mkipeleka fremu nyumbani kwa mtu, mkaona sanamu nyeusi imeinamisha kichwa na mkono uko sikioni, igeuzeni, mbandue ile karatasi, halafu mpande basi. Gidudu yuko Busiu, na anangoja kuambiwa.